Kipimo Chenye Kosa

Sokoni Kalemie, mama anunuaye unga wa muhogo hutazama kwanza kopo la kupimia. Likiwa limebonyea kitako, hata likijazwa mpaka juu, yeye hupunjika. Wala si lazima muuzaji awe mwizi, huenda hajui. Je, mtu apimaye kwa moyo safi, lakini kwa kipimo kibovu, ana hatia?

Wasomaji wapenzi, jambo hili limewapata hata wataalamu. Katika maabara ya Jefferson, huko Virginia, Marekani, miali ya nuru yenye nguvu hupigwa juu ya hidrojeni. Hapo huweza kuzaliwa chembe mbili ziitwazo ngeni, yaani kaoni na lambda. Lambda huzunguka kama pia ya watoto, lakini haiachi alama njiani, na hufa kabla sekunde haijafika sehemu yake ya bilioni. Basi mzunguko wake wajulikanaje? Kwa kile inachoacha. Ikifa, mara nyingi hutoa protoni, nayo protoni huelekea zaidi upande wa mhimili wa mzunguko ule. Protoni moja haithibitishi neno. Lazima kuhesabu maelfu.

Huelekea zaidi kwa kadiri gani? Hicho ndicho kipimo chao. Kwa zaidi ya miaka 40 walitumia 0.642. Mwaka 2019 wataalamu waliofanya kazi Beijing walipata 0.750, na wengine waliosoma upya hesabu za Virginia wakaona vilevile kwamba kipimo cha kale kilikuwa kidogo mno. Ukipima gunia kwa kopo dogo, utahesabu makopo mengi kupita haki. Ndivyo lambda zilivyodhaniwa kuelekea upande mmoja kuliko ilivyo kweli.

Hao hawakuwa waongo. Lakini kosa lilipojulikana, iliwapasa kuhesabu upya.

Nasi tulifanya vibaya zaidi, kwa kuwa hatukuhesabu hata mara mbili. Mwaka mmoja tulifuta jina la mkatekumeni kwa sababu alionekana usiku mmoja mahali pa pombe. Baadaye tulijua alikwenda kumtoa mdogo wake. Tulimwendea nyumbani, tukamwomba radhi. Alibatizwa Pasaka iliyofuata, mwaka mzima nyuma ya wenzake. Mwaka ule hatuwezi kumrudishia.

Jibu letu ni hili: asiyejua kwamba kopo lake ni bovu hana dhambi ya wizi. Lakini akiisha kujua, hana ruhusa ya kunyamaza. Alitupe kopo, kisha awarudie wale aliowapimia. Moyo wa jirani hatuuoni. Basi, kabla ya kumhukumu kwa tendo moja, tukague kopo letu.