Nyumba Kando ya Ziwa
Ajengaye kando ya Ziwa Babati hukabiliwa na swali zito kuliko bei ya saruji: je, nyumba yake itampa mpita njia uso au mgongo? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa ziwa. Hapo mvuvi hupata njia, na kiboko naye, atokaye usiku kula majani pasipo kujali hati za viwanja. Lakini mita hazileti ujirani. Katika Mji Mkongwe, Unguja, baraza la mawe hukaa nje ya mlango: ni mali ya mwenye nyumba, ila kuketi ni kwa mtaa mzima. Baraza kama hilo, likitazama ziwa, lingempunguzia mjenzi faragha kidogo tu. Na mvuvi aliyelowa angeketi alfajiri bila kubisha hodi.