Seva Isiyo na Akidi

Karibu kila ofisi siku hizi inataka mfumo usiolala. Hospitali inautaka, benki inautaka, chuo kinautaka siku ya matokeo. Fundi akileta mpango wake, swali la kwanza la mkurugenzi linajulikana: utakuwa hewani muda wote? Kiu hiyo naielewa. Tumesimama mno kwenye foleni tukiambiwa mtandao unasumbua. Hata hivyo, katika kazi hii ya kutunza seva, kinachonigusa zaidi ni namna seva nzuri inavyokubali kuacha kujibu.

Tuchukue Proxmox, mfumo uliotengenezwa Vienna na kutolewa toleo lake la 1.0 mwaka 2008. Ni programu huria, ndiyo maana ofisi ndogo nyingi zinaumudu. Unaunganisha seva tatu ziwe klasta moja, kila moja na kura yake. Ndani yake unapanga kontena: hili la mishahara, hili la kumbukumbu za wagonjwa, hili la tovuti. Kila kontena ni programu pamoja na vyote inavyohitaji, imetengwa na jirani zake ingawa zote zinatumia kiini kilekile cha Linux. Seva moja ikifa, kontena zake huwashwa kwenye seva nyingine. Mwenye mamlaka ya kusema kwamba imefariki ni wingi wa kura: mbili kati ya tatu ni akidi. Ukiwa na seva tano unahimili kufiwa na mbili. Ukiwa na nne bado unahimili moja tu, kwa hiyo ile ya nne haikukuongezea uhimilivu wowote.

Seva iliyokufa kabisa haina shida kubwa. Shida ni ile iliyo hai lakini imetengwa, labda kwa sababu waya umechomoka au swichi imeungua. Iko salama, kontena zake zinafanya kazi, diski zake nzima, ila haisikii wenzake. Ukiiuliza, waliokufa ni wale wengine. Ukiwauliza wale, aliyekufa ni huyu. Kila upande ukijiamini, kontena lilelile litakuwa hai mahali pawili, na yote mawili yatapokea malipo na kuandika kwenye hifadhi moja. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Hapa ni zaidi ya mrama, maana kila nahodha anadhani yuko peke yake chomboni.

Kinga yake imewekwa ndani ya seva yenyewe. Kuna kipima muda kinachohesabu kurudi nyuma, na programu inayolinda kontena lazima ikianzishe upya kila mara. Seva iliyopoteza akidi haina haki ya kukigusa tena. Sekunde 60 zikiisha, inajizima na kujiwasha upya, pamoja na kontena zake zote zilizokuwa nzima. Upande wenye akidi nao haurukii mali ya mwenzake. Unasubiri kama dakika mbili, mpaka muda wa yule aliyetengwa uwe umekwisha bila shaka, ndipo uwashe kontena zake. Wanaoahidi upatikanaji wa asilimia 99.999 wanajua kwamba ahadi hiyo inabakiza dakika tano na ushee tu za kukosekana kwa mwaka mzima. Tukio moja la namna hii linakula zaidi ya theluthi yake.

Mimi naona dakika hizo ni za heshima. Mwenyekiti wa kijiji mwenye muhuri, kalamu na daftari la mihtasari huahirisha mkutano akidi isipotimia, hata kama waliofika wote ni watu wa busara. Hakuna anayemwita dhaifu. Mashine hii imepewa adabu hiyohiyo: haina ushahidi kwamba iko pamoja na wengine, basi inanyamaza kabla haijaandika jambo litakalogongana na lao.

Kinachotokea subira hiyo isipokuwepo kilionekana tarehe 21 Oktoba 2018. Mafundi wa GitHub, tovuti ambako watengeneza programu huhifadhi kazi zao, walikuwa wakibadilisha kifaa cha mtandao kilichokuwa kikiharibika, pwani ya mashariki ya Marekani. Mawasiliano na kituo chao kikuu cha data yakakatika kwa sekunde 43. Katika sekunde hizo mfumo unaochagua hifadhidata kiongozi ulihesabu kura, ukapata akidi halali, ukahamishia uongozi pwani ya magharibi. Lakini hifadhidata za mashariki zilikuwa zimeshapokea maandishi ambayo hayakuwahi kufika magharibi. Klasta mojawapo yenye shughuli nyingi ilikuwa na maandishi 954 ya aina hiyo. Kufikia wakati mafundi walipoelewa kilichotokea, magharibi nako kulikuwa na karibu dakika 40 za kazi mpya za watu. Hakukuwa na upande wa kutupa bila kumdhulumu mtu. Wakaamua kulinda data kwanza, hata kama tovuti itazubaa, na huduma ikayumba kwa saa 24 na dakika 11. Walilaumiwa sana siku ile. Mimi bado nasema waliamua vyema, kwa sababu kazi ya mtu ikishapotea kimyakimya, hajui hata pa kuidai.

Mashine zimefundishwa. Wasiwasi wangu uko kwa sisi tunaozitunza. Ndani ya Proxmox kuna amri fupi, pvecm expected 1, inayoiambia seva iliyobaki ijihesabu peke yake kuwa akidi. Ina matumizi yake halali. Lakini anayeiandika ni kama anaapa kwamba wale wengine wamezimika kweli. Usiku simu zinaita, meneja yuko mlangoni, na kiapo hicho huandikwa kwa vidole viwili na mtu ambaye hajakwenda kuangalia. Naomba aende. Afungue chumba cha seva, aangalie taa, achomoe waya wa umeme wa ile nyingine kwa mkono wake, kisha ndipo arudi kwenye kibodi.

Na kuna jambo wanunuzi hawaambiwi mapema. Ofisi isiyo na hifadhi ya pamoja mara nyingi hunakili diski za kontena kutoka seva moja kwenda nyingine, kwa mpangilio wa kawaida kila baada ya dakika 15. Seva ikifa dakika ya kumi na nne, kontena litafufuka kwenye nyingine likiwa zima na lenye kujibu haraka, huku likiamini bado ni robo saa iliyopita. Taa zote zitakuwa za kijani. Hospitali inayochagua njia hii isaini ikijua hivyo. Muuguzi naye afundishwe kwamba mfumo ukirudi baada ya ajali, afungue kwanza mafaili ya wagonjwa wa mwisho aliowahudumia na kuhakikisha alichoandika kipo, na ile karatasi ya dawa iliyojazwa kwa mkono asiitupe mpaka amekiona.