Lau Mpaka Ungalipita Pengine

Twataka kuwaza jambo lisilokuwa, kusudi tulijue vema lililopo.

Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilipatana kugawana nchi zilizo magharibi ya Ziwa, kwa mstari ulio digrii 1 kusini ya Ikweta. Wazee wa Karagwe hawakuulizwa. Lau mstari ule ungalipita kusini zaidi, sisi wa Ihembe tungalikuwa watu wa Uganda. Na mwaka 1945 Tanganyika ilipoingia katika Kikombe cha Gossage, kilichoanza mwaka 1926 kati ya Kenya na Uganda, tungaliomba Tanganyika ifungwe!

Je, basi, mapenzi yetu kwa timu ya Tanzania ni uongo? Hatudhani hivyo. Hakuna aliyemchagua mama yake, wala mapenzi ya mama si uongo. Tena, majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwaka 1978, vijana wa pande zote za Tanzania walikuja kuukomboa mkoa wetu, na wengine hawakurudi kwao. Mstari ulituweka pamoja tu. Kuteseka na kufanya kazi pamoja ndiko kulikotufanya kuwa wamoja.

Lakini mstari huo watuonya pia. Ajuaye ya kwamba angaliweza kuzaliwa ng'ambo, atamdharauje aliyezaliwa huko? Siku ya mpira twawasikia vijana wetu wakiwatukana watu wa ng'ambo ya mto Kagera, ambao wengine ni wana wa shangazi zao, na lugha yao twaielewa bila mkalimani. Huko si kupenda nchi, bali ni kujivunia jambo tusilolifanya.

Itazameni Zanzibar. Tangu mwaka 1964 ni nchi moja na Tanganyika, lakini katika mashindano ya CECAFA, yaliyofuata yale ya Gossage, hucheza peke yake, na mwaka 1995 ilitwaa kikombe. Udugu haukuvunjika kwa hayo.

Basi na tushangilie upande wetu kwa sauti kuu, maana mchezo bila upande hauna utamu. Ila firimbi ya mwisho ikilia, mgeni wa ng'ambo apewe kiti na chakula, hata kama wao ndio walioshinda. Asiyekubali kushindwa si mshindani.