Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii yafaa iwe mizani ya kupimia matamasha ya fasihi. Mwandishi hualikwa, hukalishwa mbele ya watu, husoma kurasa mbili tatu, huulizwa maswali, hutia saini vitabu, kisha huondoka. Penginepo huwapo uzinduzi wa kitabu, mjadala wa waandishi, warsha ya vijana, hadithi kwa watoto, au malumbano ya washairi. Wingi huo wa shughuli ni neema. Lakini swali la maadili linabaki pale pale: je, mwenyeji amepona?

Tulipime swali hili kwa Arusha, mji ambao neno lililosemwa hadharani lina historia nzito. Mwaka 1967 lilitangazwa hapo Azimio la Arusha, na haukupita muda washairi wakahimizwa kulieneza. Ngonjera za Mathias Mnyampala, yaani mashairi ya kujibizana mbele ya watu, ziliwafaa sana wenye kazi hiyo. Hata hivyo, katika nyingi ya ngonjera za namna hiyo mshindi hujulikana tangu mwanzo: asiyejua huuliza, ajuaye hufunza, na mwisho wote hukubaliana. Hapo twajifunza kwamba sauti mbili jukwaani si lazima ziwe mazungumzo.

Chini ya Mlima Meru upo mfano mwingine. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alifika New York, mbele ya Umoja wa Mataifa, kupeleka malalamiko ya watu wake. Hakwenda kama mwandishi. Kitabu juu ya kesi hiyo, alichokiandika pamoja na wakili Earle Seaton, kilitoka mwaka 1967. Lakini alikuwa na kitu ambacho mgeni wa tamasha aghalabu hana: watu waliomtuma, wenye haki ya kumwuliza alisema nini kwa niaba yao.

Ismael Mbise naye aliigeuza habari hiyo kuwa riwaya, Blood on Our Land, iliyotoka mwaka 1974. Aliiandika kwa Kiingereza. Simlaumu, kwani kila kalamu ina njia yake, na lugha hiyo huifikisha habari mbali. Lakini mzee wa Engare Nanyuki asiyeijua, akiketi ukumbini riwaya hiyo ikisomwa, atakuwa mgeni katika habari ya nyumba yake mwenyewe.

Atatokea wa kusema kwamba mwandishi hadaiwi ila kuandika vyema. Riwaya si ripoti ya mjumbe. Ni kweli, na uhuru huo ni haki yake akiwa peke yake na karatasi yake. Ila akikubali kuketi mbele ya watu amefunga mkataba mwingine. Anayekuja barazani amekubali kujibiwa. Kujibiwa si kuamrishwa, maana hadhira ikimwamuru mwandishi la kusema, tutakuwa tumerudi kwenye ngonjera ambayo mwisho wake unajulikana.

Kwa hiyo aina za shughuli zisihesabiwe kwa ratiba, bali kwa watu wanaozipata. Kutia saini humfaa mwenye fedha ya kununua kitabu. Mjadala humfaa aliyezoea kusema mbele za watu. Kusoma kwa sauti, katika lugha inayoeleweka, humfikia hata asiyejua kusoma. Shughuli kumi ambazo neno hutoka jukwaani tu, wala halirudi, ni shughuli moja iliyopewa majina kumi.

Nasi wa visiwani tusijione tumesalimika. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 kwa vitabu alivyoviandika kwa Kiingereza; wengi wetu tulimshangilia kabla ya kumsoma. Ida Hadjivayanis alipoitafsiri Paradise kwa jina la Peponi, iliyotoka mwaka 2022, mlango ulifunguliwa kwa msomaji wa Kiswahili naye aingie, akubali au akatae.

Mgeni wa namna hiyo ndiye anayemponya mwenyeji: aletaye neno, kisha akakaa kungoja jibu.