Jina la Timu ni la Nani?

Timu ya kata ikianzishwa Kilosa au Mikumi, mkoani Morogoro, jina lake mara nyingi hutolewa na yule anayenunua jezi, au huazimwa kutoka klabu kubwa ya Ulaya. Wengi huliona jambo dogo. Lakini ndani yake mna swali la haki: nani ana mamlaka ya kusema kwa niaba ya mahali? Jibu langu ni kwamba jina huwakilisha mahali pale tu ambapo kila aliyemwaga jasho lake hapo, awe mzawa au mhamiaji, anaweza kulishangilia bila kujiona mpangaji.

Mwanafalsafa wa Uingereza, John Stuart Mill, aliandika mwaka 1843 kwamba jina la pekee hukitaja tu kitu bila kukieleza: mji wa Dartmouth ungebaki Dartmouth hata kama mto Dart ungehamisha mdomo wake. Anayemfuata Mill atauliza kwa nini tujisumbue, kwani klabu ya Simba ya leo iliitwa Sunderland, jina la klabu ya Uingereza, hadi mwaka 1971 na bado ilipendwa. Ni kweli, mapenzi hulijaza jina lolote. Ila Mill alizungumzia jina lililokwisha kutolewa, wakati sisi tunazungumzia tendo lenyewe la kulitoa, na tendo hilo lina mwenyewe. Mwaka 2024 klabu ya Ihefu, iliyobeba jina la ardhioevu ya Usangu huko Mbarali, ilihamia Singida ikawa Singida Black Stars. Kama jina lingekuwa alama tupu, hapangekuwa na haja ya kulibadili.

Mikumi inatuonyesha ugumu wa kuchagua. Hifadhi ya Taifa ilianzishwa mwaka 1964, na barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa inaikata katikati. Kando ya barabara hiyo kuna bango la orodha ya wanyama, kila mmoja na faini ambayo dereva atalipa akimgonga. Kwa sheria, tembo ni mali ya umma yenye thamani iliyokwisha kupangwa. Lakini mkulima anayepakana na hifadhi, anayekesha shambani akipiga madebe ili mahindi yake yasiliwe, anamjua tembo mwingine kabisa. Timu ikijiita Tembo ili ivutie watalii, inasema kwa sauti ya wapita njia. Ikijiita hivyo baada ya wakulima wenyewe kukaa na kuridhia, kwa kuwa ndio wanaojua gharama ya kuishi na mnyama huyo, jina lilelile linakuwa la kweli. Ukweli wa jina hautoki kwenye nembo, unatoka kwa walioliridhia.

Pingamizi zito zaidi ni hili: uenyeji ukitukuzwa, hautageuka ukabila? Hofu hiyo ina msingi. Wakaguru, Wasagara na Wavidunda ndio wanaotajwa kuwa wenyeji wa asili wa Kilosa, lakini mashamba ya mkonge na reli vilileta watu kutoka pande nyingi za nchi, na wafugaji Wamaasai, Wabarbaig na Wasukuma nao wana makazi humo. Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, mgogoro wa wakulima na wafugaji uliua watu 38. Kwenye wilaya yenye kovu kama hilo, jina la kabila moja kifuani mwa mchezaji linamfukuza mwingine uwanjani. Kenya ililikabili jambo hili mwaka 1980, majina ya kikabila yalipopigwa marufuku na klabu ya Abaluhya ikawa AFC Leopards. Hata hivyo, dawa ya ukabila si majina yasiyo na mizizi. Mto Mkondoa ulipofurika Kilosa mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, maelfu walikosa makazi na reli ikakatika, na hasara ile haikuwa ya kabila moja. Majina kama Mkondoa, Reli au Mkonge yana historia ambayo hakuna anayeweza kuidai peke yake. Majimaji ya Songea, bingwa wa Muungano mwaka 1985, 1986 na 1998, ilibeba kumbukumbu ya vita vya Majimaji, ambavyo makabila mengi yalipigana bega kwa bega.

Wapo watakaosema kwamba mwenye fedha ndiye mwenye kuita. Lakini Mtibwa Sugar ya Turiani, mkoani humuhumu Morogoro, ilitwaa ubingwa wa Bara mwaka 1999 na 2000 ikiwa na jina la mahali na la kazi ya mfadhili wake, sukari, kwa pamoja. Mfadhili anaweza kuonekana bila kuwafuta watu. Kwa hiyo, viongozi wa timu, kabla fomu za usajili hazijapelekwa chama cha soka cha wilaya, jina lipelekwe kwanza mkutano wa kijiji au wa mtaa, wakulima na wafugaji, wanawake kwa wanaume wakiwepo, na asiyekubali asikilizwe. Timu isiyoweza kulitetea jina lake mbele ya majirani zake haijastahili kuwawakilisha.