Walikuwa na Barua Mkononi



Mwaka 2017, usiku wa tarehe 7 Julai, ndege ya Air Canada ilishuka kuelekea San Francisco, Marekani, ikiwa na watu 140. Njia za kutua upande ule ni mbili, lakini ya kushoto ilifungwa, taa zake zimezimwa. Marubani walipoona moja inayowaka wakaidhania ndiyo ya kushoto, wakaelekea pembeni, kwenye barabara ambako ndege nne zilikuwa zinangoja kuruka, zimejaa watu. Barua ya kuwajulisha walikuwa nayo, wandugu! Tusiwacheke, Biblia zetu nazo ziko nyumbani.

Rubani mmoja aliyengoja chini akapaza sauti katika redio. Wa ndege nyingine akawasha taa zake. Ile ya juu ikapanda tena, imebaki kama mita 18 tu kufika chini.

Na sisi mashemasi? Tulimwona ndugu yetu akipotea, tukanyamaza, tukasema hiyo ni kazi ya pasta. Tulikosa. Ijumaa, nyuma ya maombi, tunaenda kwake wawili. Mtuombee, na yeye mumuombee.