Shahidi Mkweli Anapokosea

Mahakama imezoea kupambana na mwongo. Maswali ya dodoso humzungusha na kumrudisha nyuma hadi maneno yake yagongane. Lakini mtu anayeapa kwamba mwizi aliyemwona usiku ndiye huyu aliye kizimbani, naye anaamini hivyo kwa moyo wote, hayumbi, kwa kuwa hana anachoficha. Huyo ndiye shahidi ninayemwogopa zaidi.

Mwaka 1896 huko London, Adolf Beck, mzaliwa wa Norway, alihukumiwa kifungo cha miaka 7 kwa kosa la kuwalaghai wanawake na kutoweka na vito vyao. Wanawake kadhaa walimtambua, mmoja baada ya mwingine. Mtaalamu wa mwandiko naye akasema barua za mlaghai ziliandikwa kwa mkono wake. Hakuwa yeye. Mwaka 1904 alikamatwa tena kwa makosa ya aina ileile, akatambuliwa tena, akatiwa hatiani tena. Uingereza ya wakati huo haikuwa na mahakama ambako mfungwa angeweza kupinga namna ushahidi dhidi yake ulivyopimwa. Mahakama ya rufaa ya namna hiyo ilianzishwa mwaka 1907, na dhuluma aliyofanyiwa Beck ilichangia.

Tunapenda kuhesabu mashahidi kumi kama sababu kumi. Wote wakiwa wamepotoshwa na sura zinazofanana, tulicho nacho ni kosa moja lililorudiwa mara kumi.

Ushahidi wa mazingira huongeza hatari. Mtu akishatambuliwa, kila jambo lake hubadilika maana: alionekana karibu na duka jioni ile, aliondoka haraka alipowaona polisi, alikuwa na fedha ambazo jana hakuwa nazo. Hakimu aliyekwisha kuiamini sura huyasoma hayo kama nyayo za mwizi, kisha huirudia sura na kusema imeungwa mkono. Utambuzi umekopa kwa mazingira, na mazingira yalikuwa yamekopa kwa utambuzi. Kazi ya rufaa ni kuvitenganisha viwili hivyo na kuuliza kila kimoja kinasimama wapi peke yake.

Sheria ya Afrika Mashariki inalijua hili. Katika shauri la Simon Musoke la mwaka 1958 ilisisitizwa kuwa ushahidi wa mazingira usiache maelezo mengine yoyote ya busara isipokuwa hatia. Katika shauri la Waziri Amani la mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliorodhesha ya kuuliza: shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani, kwa umbali gani, kwa mwanga gani, na je, alimjua kabla? Angalia kisichoulizwa: ana uhakika kiasi gani?

Husemwa kwamba majaji wa rufaa wana upungufu, kwani hawakumwona shahidi akisimama na kunyoosha kidole. Katika utambuzi nauona upungufu huo kuwa kinga. Kidole kisichotetemeka hakituambii taa ilikuwa mbali kiasi gani.

Mrufani akiachiwa, aliyeibiwa atauliza: kama si huyu, basi nani? Hasira yake ni halali, na rufaa haina jibu la kumpa. Lakini kumfunga mtu asiyehusika nako hakumpi jibu. Kiangazi kile cha 1904, Beck akiwa mahabusu akisubiri adhabu, mlaghai halisi alikuwa akijaribu kuweka rehani pete za wanawake wengine.